Nipe Mji, Siagi

Mjini palikuwa na mtu mmoja anaitwa Siagi. Mama yake alimpa jina jingine, zuri, la heshima, lakini watu walilisahau tangu siku alipomuuzia kinyozi mwenye upara dawa ya kuotesha nywele, na kinyozi akamshukuru, tena akarudi kuongeza chupa. Maneno ya Siagi yalikuwa laini, yanapakika. Ungeweza kuyala na mkate mkavu.

Siku mambo haya yalipoanza, Siagi alikuwa buchani akisubiri mifupa ya supu, tena ya mkopo, hivyo alisimama mwisho wa foleni kwa adabu. Mbele yake alikuwa Mwenye Magodoro, tajiri wa mtaa, mwanamume ambaye tumbo lilimtangulia kila aendako kama mpiga mbiu. Muuza nyama alimpimia maini, akachana karatasi kutoka kwenye kitabu kipya kabisa kilichokuwa juu ya kaunta, akayafunga.

"Hebu ngoja," akasema Mwenye Magodoro. Aliyashika maini mbali na uso, akikunja macho kama anayesoma barua ya mkwe. "Hapa pameandikwa jina la babu yangu."

"Maini hayana babu, tajiri. Lete hela, watu wanangoja."

"Nakwambia Mbavunene! Babu yangu mzaa baba aliitwa Mbavunene. Sikilizeni, enyi watu!" Akaanza kusoma kwa sauti, damu ya maini ikimchuruzika hadi kwenye kiwiko. "'Mbavunene akabeba mahema yote ya jeshi peke yake. Akapanda mlima, wala hakulalamika hata mara moja. Mfalme alipomwona kileleni alimkumbatia shingoni, akasema: Laiti ningekuwa na kumi kama wewe, ningeiteka dunia.' Mmesikia? Babu yangu! Jemadari wa mfalme wa kale! Na sisi tulidhani alikuwa mkulima wa viazi!"

Mwenye Magodoro alilipa, akayafungua maini, akayaacha pale juu ya kaunta, akaondoka na karatasi. Aliibeba kwa mikono miwili kama mtu anayempeleka mtoto mchanga kupimwa uzito.

"Amesahau maini yake, maskini," akasema Siagi. "Nipe nimpelekee."

Na kweli aliyapeleka. Aliyapeleka nyumbani kwa shangazi yake, akayakaanga na vitunguu, akayala polepole huku akiwaza. Ikiwa mtu anaacha maini kwa ajili ya babu mmoja kwenye karatasi moja, je, akiahidiwa babu kwenye kitabu kizima ataacha nini?

Tusimame hapa kidogo tukijue hicho kitabu, maana ukimlaumu mtu bila kumjua unamwonea.

Kiliitwa *Mteka Miji*. Mwandishi wake alikuwa Mzee Stoo, jirani yao, aliyepewa jina hilo kwa sababu alitunza stoo ya kiwanda tangu ujana mpaka meno ya mbele yalipomuaga. Alipostaafu, kiinua mgongo chake chote alikikabidhi kwa mpiga chapa ili kitabu kitoke. Jalada lilipendeza kweli: mfalme juu ya farasi, upanga mkononi, macho kama makaa. Ukiliona unanunua. Ukifungua ndani, mfalme hayuko vitani. Mfalme yuko stoo. Anahesabu vigingi vya mahema.

Sura ya kwanza ni vigingi. Sura ya pili ni kamba. Sura ya tatu ni nyundo za kugongea vigingi, na humo mna mabishano marefu kati ya mfalme na waziri wake kuhusu kigingi cha mti na kigingi cha chuma, kipi bora wakati wa mvua. Miji inatekwa, naam, Mzee hakudanganya kwenye jalada. Inatekwa hivi: "Baada ya hayo mji ukatekwa." Nukta. Kisha tunarudi kwenye kamba. Kwa mtu aliyekesha miaka stoo, vita ni kitu gani? Ni mizigo iliyotoka, na mizigo iliyorudi pungufu.

Watu walinunua kwa heshima ya mvi zake, wakalala. Hakuna aliyefika sura ya nne. Wengine walikitumia kuzuia mlango usipigwe na upepo, na kwa kazi hiyo hawakuwahi kulalamika. Mwalimu mkuu alitangaza hadharani kwamba kitabu kinafaa, ila hakutaja kinafaa nini. Mwishowe mpiga chapa alichoka kukaa na mabunda, akamwita muuza nyama, akayauza kwa kilo.

Mzee Stoo alijua. Kila asubuhi alipita mbele ya bucha ameangalia upande wa pili, kama mtu anayempita mwanawe mlevi njiani. Hakutaka sifa wala hela yake irudi. Alikuwa akimwambia shangazi yake Siagi, kila alipompelekea shati kushonwa kifungo: "Mimi, mwanangu, ningependa mtu mmoja tu afike mwisho kabla sijafa. Mmoja! Hata akifika anatukana."

Shangazi huyo alikuwa fundi cherehani, mwanamke wa maneno machache na vitendawili vingi. Alimlea Siagi tangu mdogo, na silaha yake moja tu ndiyo iliyoweza kumweka ndani mtoto huyo mtoro: alikuwa akimtegea kitendawili jioni na kumnyima jibu mpaka asubuhi. Siagi hakulala, lakini hakutoroka pia. Na ukubwani hakubadilika. Kuiba angeweza, kuona haya hakuweza, na kuishi bila kujua jibu la kitendawili hakuweza kabisa.

Jioni ile ya maini, shangazi alisimamisha gurudumu la cherehani kwa kiganja. "Kitendawili."

"Tega."

"Nina jogoo wangu, huwika kila siku, jua halijawahi kumsikiliza."

Siagi alifikiri, akaacha kutafuna. "Redio? Mwanasiasa? Mzee wa kanisa?"

"Nipe mji."

Maana ndiyo sheria ya vitendawili, hata watoto wanaijua: ukishindwa unatoa mji, mtegaji anautawala, ndipo anakupa jibu. Siagi alishampa shangazi yake miji yote aliyoisikia na mingine ya kutunga. "Chukua mji wowote, shangazi. Jibu!"

"Jibu ni wewe na mipango yako ya kutafuta kazi. Na nakwambia, mwezi ukiandama unikute una kazi, au unikute nimempangisha mtu chumba hicho."

"Shangazi, kazi imeshapatikana. Leo leo. Kazi ya vitabu."

Shangazi aliitazama sahani, iliyobaki na mafuta tu. "Vitabu vina maini siku hizi?"

Kesho yake Siagi alibisha hodi kwa Mzee Stoo, amechomekea shati.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Kama ni karatasi za kufungia, nenda buchani."

"Baba yangu! Mimi nimekuja kukupa mkono! Nimekisoma *Mteka Miji* chote. Vita vile! Damu ile, ukurasa baada ya ukurasa! Nililia, baba, mpaka shangazi akaniuliza nani kafa."

"Ulilia wapi hasa?"

"Pale... pale mfalme alipowafyeka wale watu."

"Wale watu."

"Wale wengi."

Katika kitabu kizima, kutoka jalada hadi jalada, hakuchinjwa hata kuku. Lakini mtunza stoo hakurupuki. Mtu akimletea mzigo wa uongo, huupokea kwanza, huuweka kwenye rafu, na siku ya hesabu huutoa. "Kaa, mwanangu," akasema. "Endelea."

Siagi akamweleza. Toleo la pili! Lililoongezwa na kusahihishwa! Watu wa mjini wanaona aibu kwamba historia imewasahau babu zao. Basi Mzee awaingize, mstari mmoja huku, mstari mmoja kule, na kila ukoo uchangie gharama za kuchapa. Siku maalumu Mzee atawasomea. Hela zote atazishika mweka hazina.

"Nani mweka hazina?"

"Nimejitolea, baba."

"Na hao watu... watafika mwisho?"

Siagi alijibu kwa moyo wote, kwani uongo ndiyo kazi pekee aliyoifanya bila uvivu. "Mpaka jalada la nyuma, baba. Watalilamba."

Mzee Stoo aliinamisha kichwa, akavaa miwani, akachukua kalamu. Ukweli ni kwamba alijua anadanganywa, na aliukubali uongo huo kama mgonjwa anavyokubali uji: hauna ladha, lakini ni wa moto.

Basi Siagi akaingia mtaani, na maneno yake ya kuuzia yalikuwa haya: "Historia ni kama harusi. Viti vya mbele ni vichache. Utakayemkuta amekaa hapo hatainuka hata umlilie."

Mwenye Magodoro alilipia ujemadari wa babu yake upya, ingawa alikuwa nao tayari, asije akanyang'anywa. Muuza nyama aliposikia hivyo alisitisha kisu hewani.

"Huyu mwenye kuuza sponji, babu yake jemadari? Na wangu?"

"Wako ndiye aliyechinja kwa ajili ya jeshi zima. Mpishi mkuu."

"Nataka amtie sumu babu yake."

"Ah, sumu. Sumu ina gharama zake, kaka. Kuua jemadari si sawa na kupika wali."

"Andika sumu!"

Mwenye Magodoro alipopata habari alilipia kikombe cha dawa ya kuondoa sumu. Muuza nyama akalipia sumu isiyosikia dawa. Wakaendelea hivyo kwa siku kadhaa, babu mmoja akifa asubuhi na kufufuka jioni, na Siagi akisikitika na pande zote mbili.

Mama Saluni alikuja na lake. "Bibi yangu awe mke wa mfalme."

"Mke wa ngapi, dada? Mfalme alikuwa na nyumba kubwa."

"Mke wa pekee!"

"Tumeshamuuzia muuza samaki mke wa pili."

"Basi ondoa! Mwambie alifariki kwenye uzazi! Nitalipa na mazishi!"

Hakuna hata mmoja aliyeomba babu yake awe mtu wa kawaida, mwenye shamba, aliyelala mapema. Nasema hivi si kwa kucheka. Kila mtu hutaka kuwa na mahali pa kuegemea nyuma yake, na nyuma yako ukikuta giza, unaweza kununua chochote.

Siagi naye alishapanga namna ya kumaliza. Mpango wake ulikuwa mzuri hadi alijipigia makofi chumbani. Siku ya kusoma watu wote wataleta mchango wa mwisho, ule mkubwa. Watakaa ndani ya ghala la Mwenye Magodoro, juu ya magodoro, kwa kuwa ukumbi ni wa kulipia. Mzee Stoo ataanza: sura ya kwanza, vigingi. Na hakuna binadamu aliyesikia habari za vile vigingi akabaki macho. Siagi alishajaribu. Alimsomea mlinzi wa benki nusu ukurasa mchana kweupe, mlinzi akalala amesimama, akakumbatia bunduki. Alijisomea mwenyewe, akaamka kesho yake na kitabu usoni. Ndiyo maana hakukimaliza kamwe.

Basi wote watalala fofofo juu ya sponji, naye atapita mlango wa nyuma na mfuko begani. Basi la jioni husimama uchochoroni pale pale, likipiga honi kuita abiria. Na ili asilale yeye mwenyewe, atajiziba masikio kwa pamba. Wengi wameiba kwa bunduki na wengine kwa kalamu. Kuiba kwa vigingi vya mahema, hilo Siagi alilivumbua yeye.

Alikosea jambo moja dogo. Alimwomba shangazi amshonee mfuko.

"Mfuko wa nini?"

"Wa mikate, shangazi. Kwa ajili ya wageni wa siku ya kitabu."

"Mikate inahitaji mikanda miwili na kitambaa cha turubai?"

"Ni mikate mizito."

Shangazi alishona, tena vizuri. Uzi ulipokatika aliunganisha, akaendelea. Kisha alichukua shati la Mzee Stoo lililokuwa na kifungo tayari, akalipeleka mwenyewe, akakaa huko mpaka chai ikaisha birikani. Walizungumza nini? Jirani mmoja alisikia vicheko viwili tu, kimoja cha meno na kimoja cha mapengo. Na kuanzia siku hiyo taa ya Mzee Stoo ilichelewa kuzimwa, na aliyepita alimsikia akisoma kwa sauti, akifuta, akisoma tena.

Siku ikafika. Ghala lilijaa. Watu walikaa juu ya magodoro yaliyofungwa nailoni, na kila aliyejigeuza alitoa mlio wa kuaibisha, akamtazama jirani yake kwa lawama. Mwenye Magodoro alivaa suti. Mama Saluni alivaa kitu kama taji. Mpiga chapa alikuja pia, akakaa mbele, amekunja uso; hakuna aliyejua nani kamwalika. Shangazi alikaa nyuma, karibu na mlango wa uchochoroni, amebeba sindano na suruali ya mtu. Mlango wenyewe ulikuwa wazi kwa ajili ya joto.

Siagi alizunguka na mfuko, akakusanya. "Asante, kaka. Asante, dada. Mizimu yenu inawaona." Mfuko ulipojaa aliuvaa mabegani, akarudi nyuma polepole, akasimama mlangoni. Akatoa pamba mfukoni, akaziba sikio la kulia, akaziba la kushoto. Dunia ikawa kimya. Akamwona Mzee Stoo anafungua kitabu. Akasoma midomo yake: *Sura ya kwanza. Vigingi.*

Siagi akatabasamu. Akangoja vichwa vianguke.

Kichwa cha muuza nyama kiliinama. Kikainuka. Mama Saluni alifumba macho, halafu akayafumbua yakawa makubwa kuliko mwanzo. Mwenye Magodoro alikuwa ameshika tumbo kwa mikono miwili. Kisha ghala zima likafungua mdomo kwa pamoja, meno nje, mabega yakitikisika.

Wanacheka! Wanacheka vigingi?

Siagi akatazama mlango. Basi lilishafika, alimwona utingo akipakia mizigo juu. Akatazama watu. Mtu mmoja alikuwa amelala kifudifudi akipiga godoro kwa ngumi. Sasa, ndugu zangu, nani anaweza kuona watu wazima wanafanya hivyo asitake kujua wanacheka nini? Akachomoa pamba ya sikio moja. Moja tu. Kwa dakika moja tu.

"'...Mfalme akahesabu vigingi mara ya tatu,'" Mzee Stoo alikuwa akisoma, kwa sauti ambayo Siagi hakuitambua, sauti ya mtu anayekusogezea kiti. "'Kimoja hakipo. Akamwita mtumishi wake mwenye ulimi mtamu, yule aliyewahi kumuuzia mfalme hema la mfalme mwenyewe. Akamwuliza: Kigingi kiko wapi? Mtumishi akapiga magoti: Mtukufu, kigingi hakikupotea. Kimekwenda kutafuta wenzake.'"

"Mwongo huyo!" akapiga kelele Mama Saluni kwa furaha.

Mtumishi ana akili, akawaza Siagi. Atajitoaje hapo?

"'Mfalme akaapa: Hatutaondoka hapa mpaka kionekane. Na jeshi zima likaketi. Lakini Mbavunene hakuketi. Alisimama na mahema yote mgongoni, akayasimamisha masikio yake marefu, akaipiga ardhi kwa kwato zake nne...'"

Nailoni zote zikanyamaza. Siagi akachomoa pamba ya pili.

"Kwato?" akasema Mwenye Magodoro.

"Nne," akajibu Mzee Stoo kwa upole. "Mbavunene alikuwa punda wa mfalme tangu toleo la kwanza, mwanangu. Niendelee au niache?"

Muuza nyama alijaza hewa kifuani, tayari kwa kicheko cha maisha yake. Mwenye Magodoro aliinua kidole kumzuia, uso umemwiva. "Endelea," akanong'ona.

"'Mbavunene akakataa kuendelea. Wakamvuta, akakataa. Wakamchapa, akakataa. Mfalme aliyeogopwa na dunia nzima akashuka kwenye farasi, akaenda mbele yake, akamwomba radhi kwa mzigo aliombebesha. Ndipo Mbavunene akainua mguu wake wa mbele, na chini ya ukwato kulikuwa na kigingi kilichopotea, kimemchoma, wala hakuwa amelia.'"

Machozi yalikuwa yakimshuka Mwenye Magodoro mpaka kwenye tai. "Ndivyo alivyokuwa!" akasema, akiwageukia watu wote. "Baba alituambia! Babu akikataa, amekataa! Na akiumia hasemi! Wallahi ni yeye!"

Watu wakapiga makofi. Muuza nyama alimeza kicheko chake, akamnong'oneza Mzee kumwuliza kama babu yake naye anaweza kupata nafasi ya farasi.

Honi ya basi ikalia. *Naondoka*, Siagi akajiambia, *nasikia tu mtumishi anafanywa nini.*

"'Wakafika mbele ya mji wa mwisho. Mlango wa mji u wazi, hakuna askari. Yuko mwanamke mmoja mzee, anashona. Akasema: Mji huu hautekwi kwa upanga. Nitatega kitendawili. Mkishinda, ingieni. Mkishindwa, nipeni miji yote mliyoiteka. Mfalme akatetemeka, akamsukuma mbele mtumishi mwenye ulimi mtamu. Jibu wewe! Ukikosa, kichwa chako.'" Mzee Stoo alishusha kitabu, akavua miwani, akawatazama watu. "Kitendawili!"

"Tega!" likaitika ghala zima, na sauti ya Siagi humo humo.

"Sikumfunga kamba, sikumtia pingu. Mlango u wazi, miguu anayo, safari anayo, na haondoki."

"Mgonjwa!" akasema muuza nyama.

"Mgonjwa hana safari. Nipe mji."

"Nakupa mji wa mifupa."

"Mume wangu!" akasema Mama Saluni. "Miguu anayo na kutafuta kazi haendi!"

Walicheka mpaka godoro moja likapasuka. "Nipe mji, mama." Akampa mji wa vitana. Mwenye Magodoro alisema mlevi, akatoa mji wa sponji. Kila mtu alijaribu, kila mtu alitoa mji, na Mzee Stoo akawa anateka miji mingi hapo mezani bila kumwaga tone la damu, kuliko mfalme yeyote aliyewahi kupanda farasi.

"Amebaki mweka hazina," akasema.

Vichwa vyote vikageuka nyuma. Shangazi pekee ndiye aliyebaki ameinamia sindano yake.

Honi ikalia tena, ndefu. Utingo alikuwa akipiga bati kwa kiganja: twende, twende! "Mfungwa," akasema Siagi. "Hapana, hana pingu. Kivuli? Saa mbovu? Sanamu? Mzee, ngoja, ngoja, usiseme... mkwe?"

"Nipe mji."

"Nakupa wowote!"

"Miji yote imekwisha kutolewa, mwanangu. Umebaki mmoja tu. Huo ulioubeba mgongoni."

Ghala zima likautazama mfuko wa turubai. Siagi akautazama mlango. Ulikuwa wazi. Miguu alikuwa nayo. Safari alikuwa nayo, tena ilikuwa inanguruma pale nje, injini inawaka. Hatua chache tu, na shangazi wala hakunyoosha mguu kumzuia. Lakini angeingia kwenye basi hilo bila jibu, akalale katika mji wa watu bila jibu, azeeke bila jibu...

Akapita katikati ya magodoro, akauvua mfuko, akaubwaga mezani. "Chukua! Sasa sema! Nini?"

Makofi yalilipuka. "Mweka hazina mwaminifu!" "Hakuna kama yeye!" "Na sisi tulimsengenya!" Mwenye Magodoro alimkumbatia shingoni. Mzee Stoo aliusukuma mfuko mbele ya mpiga chapa, akamwambia, "Hizo ni za toleo la pili, mbele ya mashahidi hawa wote." Kisha akafunga kitabu, taratibu, akakipangusa vumbi lisilokuwepo.

"Jibu, mzee!" Siagi alikuwa amemshika mkono wa koti.

"Jibu lipo kitabuni, mwanangu. Kikitoka, kitauzwa pale kwa mpiga chapa. Bei ni moja kwa wote."

Nje, basi la jioni liliondoka.

Kitabu kilitoka kweli. Kila ukoo ukapata babu yake, sumu zote na dawa zake, na wake wawili wa mfalme wakapatanishwa kwenye sura ya kamba. Hakuna aliyeibiwa. Au tuseme aliibiwa mtu mmoja tu: Siagi alitunga uongo mzuri kuliko wote aliowahi kutunga, na watu wakauchukua mchana kweupe, wakaugeuza ukweli. Angemshtaki nani? Angesema nini polisi, kwamba ahadi yake imetimizwa bila ruhusa yake?

Alibeba magodoro ya Mwenye Magodoro mpaka mgongo ukamwuma, na kwa hela aliyopata akaenda kununua nakala moja. Mpiga chapa anasema alihesabu hela ile noti moja moja, kama mtu anayevuka mto asiojua kina chake, kwa kuwa hakuwahi kulipia kitu maishani. Akakimbilia ukurasa wa mwisho. Jibu halipo. Akafungua katikati. Kamba. Mzee Stoo, mtunza stoo wa miaka yote, hakuwahi kuweka mali mbele ya rafu; alikuwa amelificha jibu mahali fulani kati ya vigingi, kamba na nyundo, na hakufuta kigingi hata kimoja.

Basi Siagi aliketi kwenye kizingiti cha mlango wa shangazi yake, akaanza ukurasa wa kwanza.

Mzee Stoo alipita hapo akitoka kununua mkate. Safari hii alikuwa amepita mbele ya bucha uso wazi, akaamkiwa. Alimwona kijana wa watu kizingitini, akasimama.

"Umefika wapi?"

"Kwenye nyundo," akasema Siagi bila kuinua kichwa. "Mzee, hivi kigingi cha mti, kweli kinavimba kwenye mvua?"

Mzee Stoo alihamishia mkate mkono wa pili. Alikohoa. "Soma tu," akasema, akaenda zake, na kwenye kona akageuka kuangalia, akajifanya anafunga kamba ya kiatu, akaangalia tena.

Ndani, shangazi alizungusha gurudumu la cherehani. "Siagi! Chakula kinapoa!" Kimya. "Siagi! Si ulikuwa na safari ya mji mwingine?" Kimya. Akacheka peke yake, akauma uzi kwa meno.

Nawe uliyenisikiliza tangu buchani mpaka kizingitini, mlango wako ukiwa wazi na shughuli zako zikikungoja, jibu unalo. Kama huna, nipe mji.